Saa Kumi Alfajiri, Obunga: Uchambuzi wa Kisa cha Watoto Watatu Waliofungiwa Nyumbani

Kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje. Kwa yeyote aliyepita katika ujia ule wa Obunga, mjini Kisumu, lilikuwa na maana moja tu, kwamba wenye nyumba hawapo. Ndani ya chumba hicho cha mabati, asubuhi ya Jumanne, walikuwamo watoto watatu: msichana wa miaka 9, mvulana wa miaka 5 na mdogo wao wa miezi 14. Msichana alikuwa akipika uji kwenye stovu ya mafuta taa, mvulana akaivuta sufuria, na uji ukamwagikia mkono wake wa kushoto kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko. Jirani aliyesikia mayowe aliazima nyundo kwa fundi wa viatu na kulivunja kufuli. Hilo ndilo tukio lililoifungua faili. Mengine mengi nitakayoyaeleza yalikuwapo kabla ya siku hiyo, na watu wasiopungua watano waliyajua, kila mmoja kipande chake.

Ninaandika nikiwa mmoja wa waliojitolea kulinda watoto katika mtaa huo, chini ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na nilikaa na kesi hii kwa miezi 11. Majina sitayataja, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nimeamua kuieleza kwa kirefu kwa sababu katika vikao vyetu imezoeleka kusimuliwa kwa njia mbili fupi: wengine husema huyu alikuwa mama katili, wengine husema alikuwa mama maskini tu. Njia zote mbili zinatupumzisha mapema mno.

Mama alikuwa na miaka 28 na aliishi kwa mgongo wazi. Kwa msomaji asiyeijua Obunga, mgongo wazi ni mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda vya samaki kukata minofu ya kusafirishwa ng'ambo. Kichwa na uti wa mgongo hubaki na nyama kidogo. Wanawake huvinunua, huvikaanga kwa mafuta mengi katika makarai makubwa, na jioni huviuza kando ya barabara kwa watu wasiomudu samaki mzima. Ni kazi ya foleni, na anayechelewa hupata mabaki ya mabaki. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa mama huyu alitoka nyumbani saa kumi alfajiri, akarudi mtaani na mzigo saa mbili asubuhi, akakaanga kwenye uwanja wa wakaangaji hadi mchana, kisha akakaa barabarani na karai lake mpaka saa mbili usiku. Saa saba mchana alikimbia nyumbani, akafungua, akamnyonyesha mdogo, akawapa ugali uliolala, akafunga tena. Siku nyingine mbili za juma alifua nguo za watu huko Migosi, mtoto akiwa mgongoni. Baba wa watoto alikuwa Nairobi katika kazi za mjengo. Mwaka wa kwanza alituma fedha kwa simu, mwaka wa pili akatuma salamu, kisha simu yake ikawa haipatikani.

Jirani wa ukuta mmoja alijua tangu mwanzo. Chini ya mlango kulikuwa na mwanya wa vidole vitatu, na kwa miezi kadhaa yeye ndiye aliyekuwa akisukuma mandazi kupitia hapo, moja moja, juu ya kipande cha gazeti ili yasiguse vumbi. Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia mtu, alinijibu bila hasira: "Maji tunachota bomba moja, choo ni kimoja. Nikimshtaki, mimi ndiye nitakayeishi naye." Sikuwa na jibu la kumpa, na hadi leo sina hakika kwamba mabango yetu ya kuhimiza watu waripoti yanalo.

Mwalimu wa darasa alijua kwa namna yake. Rejista ya muhula huo inaonyesha kwamba msichana alikosa shule siku 19, na 16 kati ya hizo ni Jumanne au Ijumaa. Kando ya jina lake pameandikwa "mtoro" kwa wino mwekundu. Mtoro hakosi kwa ratiba. Mtoto anayekosa siku zile zile kila juma ana kazi mahali fulani, na ingetosha mtu kuweka rula juu ya ukurasa ule ili alione hilo. Lakini rejista hujazwa kwa ajili ya mkaguzi, na mkaguzi huhesabu jumla.

Mhamasishaji wa afya ya jamii, ambaye wenyeji wa Kisumu humwita nyamrerwa, naye alifika. Wahamasishaji hawa walizinduliwa na serikali Septemba 2023, takriban 100,000 nchi nzima, kila mmoja akikabidhiwa kaya zipatazo 100 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, na kwa maoni yangu hakuna utumishi mwingine wa umma unaoingia majumbani mwa watu kiasi hicho. Katika fomu yake nyumba hii ilikuwa na sifa nzuri: chandarua kipo, maji yanatiwa dawa, chanjo za mtoto zimekamilika kwa umri wake. Mara tatu alikuta kufuli na akaandika "hawapo". Walikuwapo. Mama alikuwa amewaonya wasiitikie hodi ya mtu yeyote, na msichana, ambaye ni mtiifu kupita kiasi, kila aliposikia hatua alichovya kidole katika sukari na kumpa mdogo wake anyonye ili asilie. Mzee wa mtaa alijua kwamba baba hayupo. Mwenye ploti alijua kwamba kodi inachelewa.

Siku ya tukio palikuwa na watu wengi na sauti nyingi. Kijana mmoja alipiga 116, nambari ya bure ya simu ya watoto. Mzee wa mtaa akanipigia mimi. Na wengine, kama ilivyo kawaida, walitaka mama akifika tu apewe funzo. Alifika akikimbia, aproni yake ikinuka mafuta, na mzee wa mtaa akamshika mkono, akajiweka kati yake na umati, akasema kwa sauti kwamba huyu atampeleka yeye mwenyewe. Ninalitaja hilo kwa sababu mzee yule hana cheo chochote katika ulinzi wa watoto, na siku ile alizuia kosa la pili. Mvulana alipelekwa hospitali. Mama alifikishwa katika dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi, akaandika maelezo, na jioni akaachiliwa kwa sharti la kufika kwa afisa wa watoto kesho yake.

Swali lililobaki lilikuwa watoto walale wapi. Mfadhili mmoja mwenye nia njema alikuwa amekwisha kuwapatia nafasi katika makao ya watoto, na gari lilikuwa linasubiri nje. Tulikataa, na hatukukataa kwa hisia. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017. Na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unaielekeza nchi kwenye malezi ndani ya familia. Lakini nyaraka hazimlazi mtoto. Kilichowalaza watoto usiku ule ni matatu ya mwisho kutoka Kombewa, iliyomleta mama mzazi wa mama huyu, dani kama wajukuu wanavyomwita, akiwa na mfuko wa mihogo na blanketi moja. Badala ya watoto kuondoka, mtu mzima aliingia. Alikaa siku 16. Kama kuna uamuzi mmoja katika faili hii ambao ningeurudia bila kubadili neno, ni huo.

Simulizi ya mama maskini ilidumu siku tatu. Dani alipokuwa akimwogesha msichana aliona alama za zamani nyuma ya mapaja, ndefu na nyembamba, za waya. Afisa wa watoto alizungumza na mtoto peke yake, chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi, bila daftari mkononi, na mtoto akaeleza vipigo vitatu anavyovikumbuka: kimoja kwa kupoteza shilingi 200 za chenji, kimoja kwa sababu mdogo alianguka kutoka kitandani, na cha tatu hakujua kwa nini. Kisha yeye ndiye aliyeuliza: "Mkimfunga mama, nani atamnyonyesha mtoto?" Alikuwa na miaka 9 na tayari alikuwa anapanga zamu ya kesho.

Sheria haina utata juu ya hayo. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa, ibara ya 29 inakataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inawapa maafisa wa watoto na mahakama uwezo wa kuingilia. Mama angeweza kushtakiwa. Wala kipigo chake si jambo geni nchini. Katika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2010, asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 24 walisema walitendewa ukatili wa kimwili walipokuwa watoto. Uliporudiwa mwaka 2019, viwango hivyo vilikuwa asilimia 39 na 52. Vimeshuka sana, na bado ni zaidi ya nusu ya wavulana. Niseme pia, ili nisieleweke vibaya, kwamba njia tuliyoichagua isingekuwapo kabisa kama tungekuta dalili ya unajisi. Kesi hizo ziko chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na zile zinazomalizwa kwa wazee kuketi na mbuzi kubadili mikono ni jinai juu ya jinai. Tuliuliza, daktari akachunguza, na haikuwa hivyo.

Jioni moja, nikiwa na mama na dani, nilichora nyuma ya daftari la hesabu la msichana jedwali la siku saba kwa saa 24, tukapaka rangi kila saa ambayo watoto hawakuwa na mtu mzima. Rangi ilijaa mahali pawili tu, Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa mbili usiku, ikikatwa na ile saa moja ya mchana. Saa 15 mara mbili, yaani saa 30 kwa juma. Uji ulimwagika saa mbili na nusu asubuhi ya Jumanne. Kisha nikamwuliza mama, bila kumtaja msichana wala alichokisema, ni wakati gani hasira humpanda akashindwa kujizuia. Alinyamaza, akalitazama karatasi, akaweka kidole kwenye usiku wa Jumanne, kisha akakihamishia kwenye usiku wa Ijumaa. Ndivyo mtoto naye alivyokuwa amesema: vipigo vyote vitatu vilikuwa vya usiku wa samaki, baada ya saa 16 za kusimama, za moto na za kubembeleza wateja, pale mama anapofungua kufuli na kukuta vyombo vichafu na mdogo analia.

Jedwali hilo halimwondolei lawama. Wako wanawake wengi wa mgongo wazi wanaoamka saa hiyo hiyo na hawamgusi mtoto kwa waya. Lakini lilitupa kitu ambacho fomu zetu hazikuwa nacho. Fomu ya tathmini tuliyoijaza iliuliza kipato, idadi ya vyumba, hali ya ndoa, ulevi, ulemavu, na kama kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Hakuna mahali ilipouliza ni nani aliye na mtoto saa kumi alfajiri. Hatari katika nyumba hii ilikuwa na ratiba yake, na msaada wowote usioifuata ratiba hiyo ungekuwa wa kupamba faili tu.

Nasi tulianza kwa kuipamba. Mpango wa kwanza ulikuwa na mambo mawili, bebikea, yaani mahali pa kuachia watoto mchana kwa malipo, na mafunzo ya malezi. Bebikea ya karibu ilikuwa chumba cha mama mmoja mwenye watoto 14 na magodoro matatu, na ilitoza shilingi 50 kwa siku. Mradi tuliokuwa nao ulikubali kulipa kwa miezi mitatu. Bebikea hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mama hutoka saa kumi. Mafunzo ya malezi nayo yalifanyika kila Jumanne saa nne asubuhi, kwa kuwa ndiyo siku ukumbi wa kanisa ulikuwa wazi, na alipokosa mara tatu mfululizo ripoti ya mwezi iliandika kwamba mlezi "hana ushirikiano". Lile neno "mtoro" lilikuwa limepata ndugu yake, na safari hii mwandiko ulikuwa wangu.

Ufumbuzi haukutoka ofisini. Mama huyu alikuwa amejitoa katika chama cha wakaangaji miezi minane kabla ya tukio, kwa aibu ya michango miwili aliyoshindwa kulipa, hakuna aliyemfukuza. Aliyelijua hilo ni nyamrerwa, kwa sababu mwenyekiti wa chama yumo katika zile kaya zake 100. Tulipokutana, mimi nilieleza kuhusu bebikea na pengo la saa mbili, na mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia wenzake akauliza kwa nini kila mmoja wao huenda foleni. Hakuna aliyekuwa na sababu zaidi ya mazoea, na labda wasiwasi kwamba mwenzako atakuchagulia mifupa mibaya. Wanawake watano wakaanza kununua kwa pamoja. Mmoja kwa zamu huenda alfajiri kuchukua mzigo wa wote, kijana wa mkokoteni hulipwa kwa mchango, na wanne wengine hulala hadi kunakucha. Zamu ya mama huyu ilifika mara moja katika safari tano, na usiku wa kuamkia siku hiyo watoto walilala kwa jirani, yule yule wa mandazi, ambaye sasa alilipwa kwa samaki. Jioni nako waligawana: wenye watoto wadogo huondoka barabarani saa kumi na mbili, na karai huachiwa mwenzao kwa fungu dogo la mauzo. Zile saa 30 zilishuka hadi saa tatu au nne, nazo ni za hapa na pale, msichana akiwa na ndugu zake mlango ukiwa wazi na jirani akiwa kizingitini. Kununua kwa wingi kuliwapa pia bei nafuu kidogo, na naamini hiyo ndiyo sababu mpango ulidumu. Huruma peke yake isingefika mwezi wa tatu.

Mafunzo ya malezi yalihamishiwa Jumapili saa tisa alasiri, na alihudhuria vikao 9 kati ya 12. Ninayaamini mafunzo haya kwa kiasi. Jaribio kubwa lililofanywa katika maeneo 40 ya jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2018, lilifuatilia familia 552 na kuonyesha kwamba ukatili hupungua, ila upungufu huo ulikuwa wazi zaidi katika maelezo ya walezi kuliko katika maelezo ya watoto wao. Ndiyo maana hatukuridhika na majibu ya mama. Kila mwezi afisa alimwuliza msichana, pale pale chini ya mwembe. Na kilichomwingia mama, kwa kadiri niwezavyo kupima, hakikuwa somo lolote la ubaoni bali desturi ndogo aliyojitungia baada ya vikao vya mwanzo: akitoka barabarani haulizi jambo lolote, si chenji, si vyombo, si nani amemliza nani, mpaka ameosha miguu na kumaliza kula. Msichana ndiye anayemletea beseni. "Nikiona ameshika sabuni, najua leo tutalala," aliniambia, akicheka kidogo. Katika miezi 11 alitaja kofi moja, la mwezi wa tano. Tuliliandika.

Tulijaribu pia Inua Jamii, mpango wa serikali unaozilipa kaya zenye mayatima na watoto walio hatarini shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa familia ya aina hii ni fedha zenye uzito, lakini usajili hufanywa kwa awamu, na awamu haimsubiri aliyevunjiwa kufuli Jumanne. Hatukuendelea nayo.

Mwezi wa sita wa kesi baba alirudi. Hapa inanibidi niende mbali kidogo, kwa sababu ushahidi wa muda mrefu zaidi kuhusu kuzisaidia familia nyumbani kwao, na kuhusu kinachouharibu msaada huo, uko Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la New York, David Olds na wenzake walianza kuwatuma wauguzi kwenye nyumba za wanawake wenye mimba ya kwanza, wengi wao wakiwa vijana, maskini au wasio na waume, na kuendelea kuwatembelea hadi mtoto afikishe miaka miwili. Miaka 15 baadaye, taarifa za dhuluma na utelekezaji wa watoto zilikuwa pungufu kwa asilimia 48 miongoni mwa waliotembelewa. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali. Kinachonukuliwa kwa nadra ni uchambuzi wa mwaka 2000 wa data hizo hizo, ulioonyesha kwamba kadiri mwanamke alivyokuwa akipigwa zaidi nyumbani, ndivyo faida ya ziara za wauguzi ilivyopungua.

Obunga ilikuwa hivyo hivyo. Baba alirudi na madeni, akachukua shilingi 6,500 za chama zilizokuwa chini ya godoro, na mama alipouliza akampiga mbele ya watoto. Kwa majuma matatu msichana aliacha kuzungumza. Alikuja kwa afisa, akaketi, akachora. Mama hakuonekana Jumapili. Beseni lilikaa nyuma ya mlango. Wazee wa ukoo wa baba walifika kutoka Nyakach wakitaka mambo ya nyumba yaishe nyumbani, na niliwapinga kwa heshima yote niliyofundishwa, kwa sababu mtu aliyevimbishwa jicho hapatanishwi kabla hajasikilizwa. Hata hivyo si maneno yangu yaliyomfikisha mama kituoni kuandikisha ripoti. Ni mwenyekiti wa chama, ambaye alikwenda naye akiwa na daftari la michango kwapani, kwa kuwa fedha zilizoibwa zilikuwa za watu watano. Baba aliitwa, akahojiwa, akahama mtaa. Wale wazee, ambao nilikuwa nimewahesabu kuwa kikwazo, ndio waliombana hadi akatia sahihi mbele ya afisa wa watoto makubaliano ya matunzo ya shilingi 3,000 kwa mwezi, kwa kuwa ibara ya 53 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Alilipa miezi minne. Mwezi wa tano alituma salamu.

Kushindwa kwetu kukubwa ni mkono wa mvulana. Kidonda kilipona, ngozi ikavuta, na kiwiko kikabaki kimekunjika kidogo, kiasi kwamba akinyoosha mikono yote miwili unaona mmoja ni mfupi. Alipaswa kufanyiwa mazoezi ya viungo kila juma kwa miezi kadhaa. Alikwenda mara nne. Nauli ya boda ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 200, na bajeti ya mradi ilikuwa na kifungu cha semina, cha fulana na cha chai ya wadau, bila kifungu cha nauli ya mtoto. Nilitoa mfukoni mara mbili. Mara zile nyingine sikutoa, nami sina mshahara katika kazi hii, lakini hilo halimnyooshi mtu kiwiko. Tena kliniki yenyewe ilikuwa Ijumaa asubuhi. Tulikuwa na jedwali la saa za mama limebandikwa ukutani, na katika vikao vyote tulivyoketi mbele yake hakuna aliyeuliza mazoezi ya mvulana ni siku gani.

Faili ilifungwa mwezi wa 11. Msichana alikuwa amekosa shule siku nne tu katika muhula uliotangulia, mdogo alikuwa anatembea, na hakukuwa na alama mpya kwenye mwili wa mtoto yeyote. Mimi nilipinga, kwa sababu mmoja wa wale wanawake watano alikuwa amesema anahamia Migori, na sikuona nani angeishika zamu yake. Afisa alinisikiliza, akanionyesha rundo la faili nyingine mezani, akaweka mhuri. Kwa nafasi yake labda nami ningefanya vivyo hivyo.

Juma lililofuata nilimsindikiza nyamrerwa katika mzunguko wake. Ploti mbili kutoka ile ya kisa hiki tulikuta mlango wenye kufuli kwa nje. Alibisha, akaita jina la mama mwenye nyumba, kisha majina ya watoto mmoja mmoja, akainama na kutega sikio kwenye mwanya wa chini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akainuka, akaenda kumwuliza jirani, akarudi, na katika nafasi ile ndogo ya fomu, ambayo imetengwa kwa neno moja, akaandika kwa herufi za kubana: "Kufuli nje. Nimeita mara tatu, hakuna sauti. Jirani asema wote wamekwenda matanga Seme tangu jana. Nitarudi Ijumaa, alfajiri."